Wimbo wa Mto: Kumfuata Marie-Louise Hadi Kisangani

Mtu akiuliza habari za Marie-Louise huelekezwa Kinshasa. Ndiko studio ya Ngoma ilikokuwa, na ndiko Antoine Wendo Kolosoy na Henri Bowane walikorekodi, mwaka 1948, rumba ambayo wazee wengi wa Kongo wanaihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango kwa nyingine zote. Lakini karibu kila simulizi ya maisha ya Wendo ina sentensi moja fupi ambayo waandishi huipita haraka: kwamba wimbo ulipovuma, mapadri walidai una nguvu za kishetani, Wendo akalazimika kuondoka Léopoldville, kama Kinshasa ilivyoitwa wakati ule, kwa muda, na serikali ya Wabelgiji ikamtia ndani mjini Stanleyville. Stanleyville ndiyo Kisangani ya leo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka huko.

Nimekulia Kigoma, ambako muziki wa Kongo huvuka Ziwa Tanganyika kwa mawimbi ya redio kabla ya kitu kingine chochote. Kwetu sisi Kisangani haikuwa jina geni. Ramadhani Mtoro Ongala, yule ambaye Dar es Salaam nzima ilimwita Dokta Remmy na ambaye kituo cha Sinza kinabeba jina lake, alizaliwa upande wa Kindu mwaka 1947 na akakulia Kisangani kabla ya kuja kujiunga na Orchestra Makassy mwaka 1978. Kwa hiyo nilipotua uwanja wa Bangoka na kuingia mjini kwa barabara yenye msitu kushoto na kulia, nilijiona nimefika mahali ambapo nyimbo zangu za utotoni zilijifunza kutembea.

Mji umejipanga kwa mto. Makiso ndiyo kati, penye ofisi, kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire na maduka ya zamani ya Wagiriki na Wahindi. Mangobo, Tshopo na Kabondo zimejaa watu na kelele za pikipiki, ambazo zimewapunguzia kazi vijana wa toleka, wale wa baiskeli za abiria waliobeba mji huu mgongoni miaka ya vita. Ng'ambo, ukivuka kwa mtumbwi, ni Lubunga. Juu kidogo maji yanavunjika kwenye maporomoko, na Wagenia wanaendelea kutega samaki kwa vikapu vikubwa vilivyofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mkondo. Hapo ndipo meli zinapokomea. Kutoka Kinshasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,700 za maji yanayopitika, kisha mwamba unasema basi. Wabelgiji walilazimika kujenga reli ya kilomita 125 hadi Ponthierville, leo Ubundu, iliyofunguliwa mwaka 1906, ili mizigo iyapite maporomoko.

Lugha za mji nazo zilifika kwa njia hizo mbili. Kiswahili kilitoka mashariki na misafara. Tippu Tip, ambaye Mfalme Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, alikuwa na watu wake hapa kabla mji haujawa mji. Lingala ilipanda mto na meli, pamoja na askari na mabaharia. Sokoni mama mmoja anakuhesabia pesa kwa Kiswahili, anamgombeza mwanawe kwa Lingala, na bei ya kwanza anaitaja kwa Kifaransa. Rumba ilikuja na Lingala. Ilikuja kwa meli. Kadiri nilivyokaa Kisangani ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hilo ndilo jambo kuu kuhusu Marie-Louise, na kwamba tunakosea tunapoueleza kama wimbo wa baa za Kinshasa tu.

Tumtazame aliyeuimba. Wendo alizaliwa Mushie mwaka 1925, magharibi, katika nchi ya mito ya Mai-Ndombe. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka saba hivi, na mama yake, aliyekuwa mwimbaji, naye hakukaa sana. Alilelewa na wamisionari wa Scheut, akajifunza gitaa akiwa na miaka kumi na moja au karibu na hapo, na hakumaliza ujana wake mikononi mwao. Alipigana ngumi za kulipwa. Alibeba mizigo bandarini. Na kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya ufundi mitambo kwenye meli zilizopanda na kushuka mto Kongo. Gitaa lilikuwa chombo chake cha pili baada ya spana.

Miaka hiyo ndiyo iliyomfanya. Meli za wakati ule nyingi zilichoma kuni. Kila baada ya safari fulani zilipaswa kusimama kwenye posti ya kuni, vijana wapakie magogo, na kwa sababu mchanga wa mto huu huhama kila msimu, manahodha wengi waliona afadhali kulala kuliko kukwama gizani. Usiku huo mabaharia walikuwa na nini cha kufanya? Waliwasha moto, wakanunua samaki na mvinyo wa mchikichi, na mwenye gitaa akalitoa. Kijiji cha leo kilikuwa cha Wabobangi, cha kesho cha Wapoto, cha keshokutwa cha Walokele. Kila kimoja kina namna yake ya kuitikia na kupiga makofi, na namna yake ya kumtania mgeni kwa wimbo. Baharia aliyekuwa na sikio alishuka Stanleyville akiwa amepita shule nzima ya muziki ambayo hakuna aliyeiandika.

Nilikwenda bandarini kuona kilichobaki cha shule hiyo. Meli kubwa za shirika la serikali zimepungua, na sehemu kubwa ya kazi imeshikwa na matishari na mabalenyeri, yale maboti marefu ya mbao yenye injini nyuma na turubai juu. Moja lilikuwa likipakia: magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya mawese, mkungu juu ya mkungu wa ndizi, mbuzi wawili, godoro, na kiti cha kinyozi. Juu ya magunia kijana alikuwa amefunga spika kubwa iliyounganishwa na betri ya gari, na rumba ilikuwa ikilia ingawa safari ilikuwa bado siku nzima mbele. Nilimwuliza mzee aliyekuwa akiandika mizigo kwenye daftari kama kila boti hupiga muziki.

"Boti bila muziki, bateja banakataa kupanda," alinijibu. "Siku ni nyingi, papa. Mutu atafanya nini?"

Nikamtajia Wendo. Akafunga daftari.

"Papa Wendo njo mutu ya mto. Ule hakukuwa mutu ya Kin. Alienda Kin kufanya disiki, lakini alikuwa mutu ya mto."

Nimesoma kurasa nyingi juu ya Wendo, na hakuna iliyoweka jambo hili wazi kama karani yule wa mizigo.

Yeye ndiye aliyenielekeza Lubunga, kwa mzee mwingine ambaye alipigia mabendi ya mjini zamani na sasa hufundisha vijana nyumbani kwake jioni. Nilivuka kwa mtumbwi, nikapanda pikipiki kupita njia za mchanga mwekundu, na nikamkuta ameketi chini ya mwembe, gitaa limelala magotini. Nyuzi mbili zilikuwa za dukani. Nyingine zilitokana na waya wa breki ya baiskeli, uliosokotolewa na kunyooshwa kwa subira. Alinikaribisha kwa lituma, ile ndizi iliyopondwa ambayo watu wa Kisangani hawakubali upishi wa mwingine, na samaki wa kuchemsha kwenye majani.

"Nyinyi ba Tanzania munasemaka Kiswahili bora," alisema. "Yetu ni hii ya hapa. Lakini gitaa inasikia zote."

Nikamwomba Marie-Louise. Hakuanza na wimbo. Alianza na mkono wa kulia, akanionyesha jinsi wapigaji wa wakati ule walivyotumia vidole viwili tu: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, halisimami, na kidole cha shahada kinacheza juu yake. "Hii kubwa ni mashine ya meli," alisema akitingisha gumba. "Hii ndogo ni bantu benye kusimama kwa ubao." Kisha akaingia kwenye wimbo. Sehemu ya kuimba ni ya polepole, mtu anamwita msichana Marie-Louise kwa mapenzi na majisifu kidogo. Kwenye sahani ya santuri sauti ya Wendo hupanda ghafla kutoka kifuani hadi kichwani na kushuka tena, mtindo aliokuwa akiupenda kuliko waimbaji wengine wa zama zake; mzee yule, ambaye sauti yake imeshachoka, aliifanyia kazi hiyo gitaa, akivuta uzi mwembamba hadi ukalia.

Halafu maneno yakaisha na mkono wake wa kushoto ukapanda juu ya shingo ya gitaa. Hapo ndipo penye utajiri wa wimbo huu. Bowane, aliyekuwa akipiga gitaa pamoja na Wendo, ndiye anayetajwa kuwa aliingiza sebene kwenye rumba ya kurekodiwa: kipande ambacho mwimbaji ananyamaza, gitaa linashika sentensi fupi na kuirudia, kila mara likiigeuza kidogo, na mchezaji anaachiwa uwanja. Leo ni shida kupata muziki wa dansi wa Kongo usio na sebene. Soukous imejengwa juu yake, ndombolo imejengwa juu yake, na kwaya za makanisa ya uamsho mjini Kisangani zinafika kwenye sebene kila Jumapili, waumini wakiwa wameinua vitambaa. Mzee wa Lubunga aliirudia sentensi ileile muda mrefu, na watoto wa jirani, ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa sahani hiyo ilipotoka, wakaanza kucheza bila kuambiwa.

Jinsi sahani yenyewe ilivyosambaa ni habari ya wafanyabiashara. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kikuba, zile za mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV, zilikuwa zikifika bandari za Afrika, na Wakongo walizisikia kama kitu chao kilichorudi nyumbani kikiwa kimevaa nguo mpya. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mjini Léopoldville. Alikuwa na gari la kuzunguka nchi akiuza sahani, na kila mji wa Kongo ulikuwa na duka la Mgiriki mwenzake lenye vitambaa, sabuni, taa za chemli na gramafoni. Stanleyville ilikuwa na Wagiriki wengi. Sahani ya mizunguko 78 inachukua kama dakika tatu kila upande, inavunjika ikianguka, na sindano yake inaisha haraka. Bado watu waliinunua. Marie-Louise ikawa wimbo wa kwanza wa Kongo kuvuma mbali nje ya mipaka, hadi Afrika Magharibi.

Ndipo ulipoanza uvumi. Ilisemwa kwamba ukiupiga Marie-Louise saa sita za usiku, wafu wanafufuka.

Watu wengi husimulia jambo hili kwa kucheka. Mimi sikuweza kulicheka, na nitaeleza kwa nini. Mwaka 1948 Simon Kimbangu alikuwa hai, amefungwa Elisabethville. Mhubiri huyu wa Nkamba alifanya kazi yake miezi michache tu ya mwaka 1921. Watu waliacha mashamba na kazi za Wazungu wakamfuata kwa sababu ilisemwa anaponya wagonjwa na amefufua mfu. Wabelgiji walimhukumu kifo, mfalme akabadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951 akiwa ametumikia miaka thelathini. Mwaka 1944, upande huu wa mashariki, wafuasi wa vuguvugu la kidini la Kitawala walikuwa wameinuka dhidi ya serikali. Kwa hiyo padri au mkuu wa wilaya aliyesikia kwamba kuna kitu kinachofufua wafu, na kwamba Waafrika wanakikusanyikia usiku, hakusikia hadithi ya kuchekesha. Alisikia jina la Kimbangu likirudi, safari hii kwa gitaa na kwenye sahani inayouzwa dukani.

Na mwimbaji mwenyewe alikuwa mtoto wa misheni. Alilelewa na mapadri, akajua lugha yao na zaburi zao, kisha akasimama na gitaa kuimba uzuri wa msichana. Simulizi zinasema alitengwa na Kanisa Katoliki. Nadhani hilo liliwauma mapadri zaidi ya uvumi wenyewe: kwamba kijana waliyemfundisha kuimba alikuwa na waumini wengi usiku wa Jumamosi kuliko wao asubuhi ya Jumapili.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Rafiki yangu Mkongo anayeishi Montreal, mji wenye Wakongo wengi, alinisimulia wimbo ambao wapiga fidla wa Quebec wanauheshimu kuliko nyingine nyingi, unaoitwa Reel du pendu. Hadithi yake ni ya mtu aliyehukumiwa kunyongwa. Chini ya mti wa kunyongea anapewa fidla mbovu iliyoharibika nyuzi, naye hajawahi kupiga fidla. Anaambiwa akiweza kuipiga ataachiwa. Anaipapasa, anaipapasa, kisha wimbo unatoka, na anaokoka. Wapigaji hufunga nyuzi kwa namna tofauti na kawaida ili kuupiga, na bingwa wao Jean Carignan, aliyezaliwa 1916 na kufariki 1988, aliupiga hadi ukajulikana mbali ilhali yeye mwenyewe alikuwa akiendesha teksi Montreal apate mkate. Nchi hiyohiyo ina hadithi ya Rose Latulipe, msichana aliyecheza na mgeni mrembo usiku wa kuamkia Kwaresima, mgeni ambaye kumbe ni Shetani. Philippe Aubert de Gaspé mwana aliiingiza kwenye riwaya yake ya mwaka 1837. Makasisi wa Quebec waliihubiri hadithi ya namna hiyo miaka mingi ili watu waogope ngoma za usiku. Kwa hiyo wakulima wale wa theluji walikuwa na hadithi mbili juu ya muziki mmoja. Ya mimbarini ilisema fidla inakupeleka kwa Shetani. Ya jikoni ilisema fidla inakutoa kwenye kitanzi. Wakongo nao, katika miaka yao ya woga, walisema gitaa linafufua wafu, na mapadri wakasema ni kweli, kwa nguvu za Shetani. Hakuna upande uliodai kwamba ni burudani tu. Mbele ya mwimbaji aliyewekwa ndani, naona pande zote mbili zilikuwa zikisema jambo zito: muziki huu una nguvu. Walichobishania ni nguvu ya nani.

Stanleyville iliyomfunga Wendo ilikuwa mji wa mipaka. Wazungu walikaa katikati, Waafrika katika vitongoji, na usiku Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kutembea mtaa wa Wazungu bila karatasi. Ndani ya vitongoji hivyo baa ilikuwa mahali pekee ambapo karani, fundi, mpagazi na mwanamke mwenye biashara yake waliketi meza moja. Karani mmoja wa posta wa mji huu, Patrice Lumumba, alikuwa akisoma kila kitabu alichopata na kuongoza vyama vya wasomi weusi. Alifanya kazi hapa hadi 1956, na miaka michache baadaye Stanleyville ikawa ngome ya chama chake cha MNC. Siwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Watu wanaojifunza kukusanyika kwa ajili ya sebene wanajifunza kukusanyika. Waliompeleka Wendo gerezani walilielewa hilo mapema kuliko wanahistoria wetu.

Wendo hakukaa ndani sana. Alirudi Léopoldville, akaendelea kurekodi, na katika miaka ya 1950 akaungana na Léon Bukasa wa Katanga na Manuel d'Oliveira katika kundi la Trio BOW. Kisha uhuru ukaja, Lumumba akauawa Januari 1961, na Wendo akaacha jukwaa kwa muda mrefu. Alieleza baadaye kwamba wanasiasa walitaka wanamuziki wawaimbie sifa, naye hakutaka. Kwa jambo hilo pekee anastahili heshima yetu, maana tunajua wangapi walikubali. Alirudi uzeeni, miaka ya 1990, akiwa na kofia yake na sauti ambayo bado ilijua kupanda ghafla, akazunguka dunia, na mwaka 2007 filamu ya Jacques Sarasin iitwayo On the Rumba River ikamrudisha mtoni. Alifariki Kinshasa tarehe 28 Julai 2008.

Kisangani haikuacha kutoa watu. Abeti Masikini alizaliwa hapa mwaka 1954, binti wa Jean-Pierre Finant aliyeongoza Mkoa wa Mashariki na kuuawa Bakwanga Februari 1961. Abeti aliimba kwenye ukumbi wa Olympia wa Paris mwaka 1973. Koffi Olomide alizaliwa hapa mwaka 1956. Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi mzaliwa wa Ubundu, alileta kituo chake cha Studios Kabako hapa mwaka 2006, miaka sita tu baada ya Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mitaani kwa mabomu na kuua mamia ya raia. Kuamua kufundisha dansi katika mji uliotoka kuzika namna hiyo ni uamuzi ambao sina neno la kuutosheleza. Wapo wanaosema mji huu uko mwisho wa njia. Kwa muziki, hapa ni njia panda: ndipo rumba ya mto ilipokutana na Kiswahili, na ndipo ilipoendelea kwenda Kindu, Bujumbura, Kigoma, hadi Dar es Salaam kwa Remmy.

Desemba 2021 UNESCO iliiandikisha rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini hati hiyo, kwa jinsi ilivyo, inatazama miji mikuu miwili inayotazamana ukingoni. Katika siku nilizokaa Kisangani hakuna aliyeweza kunionyesha mahali palipoandikwa kwamba mwimbaji wa Marie-Louise alifungwa hapa kwa sababu ya wimbo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani niliozungumza nao walijua nyimbo za Koffi kwa moyo, na kisa cha Wendo walikuwa wakikisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Hili linaweza kurekebishwa, na halihitaji pesa nyingi. Walioshuhudia miaka ile wakiwa watu wazima wamekwisha. Waliokuwa watoto sasa wana zaidi ya miaka themanini. Mzee wa Lubunga alijifunza Marie-Louise kwa mjomba wake aliyekuwa baharia, na bado anakumbuka majina ya posti za kuni moja baada ya nyingine, na wimbo uliopigwa kwenye kila moja. Nilimrekodi kwa simu hadi betri ikaisha. Chuo kina wanafunzi, wanafunzi wana simu, na mto uko palepale. Wewe nawe unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu Kindu, Uvira, Kigoma au Ujiji kuna mzee aliyefanya kazi kwenye meli, mwulize walikuwa wakiimba nini zilipofunga usiku, na umrekodi mwaka huu.